Pikipiki Kando ya Mweru: Baridi ya Juni, Joto la Oktoba

Alfajiri ya Juni pale Mununga, Zambia, kabla jua halijachomoza, utamkuta dereva amefunga magunia mawili ya chisense, dagaa wadogo wa Ziwa Mweru, nyuma ya kiti. Jaketi amelivaa kinyume, mgongo wake uko kifuani na zipu iko nyuma. Mikononi amejivika mifuko ya plastiki na kuibana viganjani kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Ukimuuliza kwa nini havai jaketi kama watu wengine, atajigusa kifua na kukuambia kwamba zipu inapitisha upepo.

Mkute dereva yuleyule mwezi wa Oktoba saa nane mchana. Mikono wazi, shati limefunguliwa vifungo vitatu, helmeti inaning'inia kwenye kioo cha pembeni. Juni alimjua adui yake vizuri. Oktoba amemsahau, na adui ni yuleyule: upepo. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayeendesha, au unayepanda nyuma, kati ya Nchelenge, Kashikishi, Mununga na Chiengi, pamoja na wanaopandisha samaki Kawambwa. Utamfaa pia msomaji wa Iringa, Limuru au Goma, kwa kuwa pikipiki haina dirisha popote pale.

Kwa nini tuanze na upepo

Ngozi yako hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyokwisha kupata joto la mwili. Ukisimama tuli, tabaka hilo linakaa. Ukienda kilomita 60 kwa saa, upepo unalichukua lote na mwili unalazimika kupasha lingine, tena na tena, safari nzima. Kwa kipimo ambacho Marekani na Kanada zilianza kukitumia mwaka 2001, hewa ya nyuzi 10 kwa mwendo huo husikika kwenye ngozi isiyofunikwa kama nyuzi 5. Nusu saa ya hali hiyo inatosha kuvifanya vidole viwe vizito kwenye breki.

Ongeza mwinuko. Ziwa liko karibu mita 920 juu ya usawa wa bahari, Kawambwa karibu mita 1,300. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo ukiacha bonde pale Mbereshi na kupandisha kuelekea maporomoko ya Ntumbachushi, unapoteza nyuzi mbili au mbili na nusu kwa mwinuko peke yake. Wengi hujiandaa kwa baridi ya nyumbani wanakoanzia, ilhali baridi inayowaumiza ni ya kule juu wanakokwenda. Kati ya Mei na Agosti kuna pia ule upepo wa kusini-mashariki ambao mabaharia wa pwani wanauita kusi. Huku bara hauna jahazi la kusukuma, lakini unakupiga ubavuni.

Wakati wa joto upepo huohuo unafanya kazi ya pili: unakausha jasho. Hilo linaburudisha, na ndipo hatari ilipo. Jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho, na unapofika unakuta mstari mweupe wa chumvi kwenye kola. Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, ambalo ndilo joto la ngozi, upepo unaopiga ngozi kavu unaacha kupoza na kuanza kupasha. Ngozi iliyo wazi hapo haipati nafuu yoyote. Inakaangwa.

Misimu miwili, basi, kanuni moja: funika ngozi. Kinachobadilika ni kitu unachofunikia, na kama unakivaa kikavu au kimelowa.

Baridi: jinsi ya kuvaa, kuanzia ndani

Huhitaji duka la pikipiki. Karibu vyote hivi utavipata kwenye mitumba, salaula kama tunavyoita kwetu, na kwenye stoo ya nyumbani.

1. Karibu na ngozi vaa jezi ya mpira wa miguu au fulana nyepesi ya nailoni. Pamba ikipata jasho wakati wa kupakia mizigo haikauki, na maji huondoa joto mwilini haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Kama umetokwa jasho kwa kufunga magunia, badilisha fulana kabla ya kuondoka. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote.
2. Juu yake weka sweta, ikiwezekana ya sufu. Isikubane. Hewa iliyonaswa ndani ya sweta ndiyo inayokupasha.
3. Kizuia upepo kifuani. Magazeti mawili yaliyokunjwa, kipande cha boksi laini, au mfuko wa unga uliofuliwa. Kiwekwe kati ya sweta na jaketi, kuanzia shingoni hadi kitovuni.
4. Jaketi lisilopitisha upepo. Mikono yake iingie ndani ya glavu au ibanwe kwa mpira.
5. Shingo. Kitambaa kizungushwe mara mbili na ncha zake ziingizwe ndani ya jaketi. Skafu inayopepea ni kitanzi.
6. Magoti na miguu. Suruali mbili, au kipande cha turubai kilichofungwa magotini. Viatu vilivyofungika, soksi jozi mbili, ila visibane: mguu uliobanwa haupitishi damu, na usiopitisha damu haupati joto.

Kuhusu jaketi la kinyume niseme wazi kwamba silipendi, ingawa nimeshalivaa na najua linafanya kazi. Kola ya nyuma inakukaa kooni. Ukianguka, anayekusaidia hajui pa kulifungulia. Ile hatua ya tatu inaziba zipu vizuri vilevile, nawe unabaki na jaketi unaloweza kulivua kwa mkono mmoja. Ukishindwa kabisa kuachana nalo, angalau usifunge zipu ya mgongoni hadi juu.

Mikono peke yake

Mikono naipa sehemu yake kwa sababu ndiyo inayoshika breki. Mwili ukipoa hubana mishipa ya vidoleni ili kulinda moyo na mapafu, na hauulizi kama uko kwenye mteremko.

Glavu za ngozi zilizotumika zinafaa. Glavu za sufu peke yake hazifai, upepo unapenya kama kwenye chekeche. Zivalie glavu nyepesi za mpira juu yake. Kama huna, tengeneza kinga za usukani:

1. Chukua dumu la mafuta ya kupikia la lita 5, lioshe, ulikate katikati kwa urefu. Utapata makombe mawili.
2. Lainisha kingo kwa jiwe au msasa ili zisikate.
3. Toboa matundu mawili kwenye kila kombe na ulifunge kwa waya mbele ya mkono wa klachi na wa breki, mgongo wa kombe ukitazama barabarani.
4. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Bana klachi na breki hadi mwisho. Zungusha akseleta na uiachie: lazima irudi yenyewe.
5. Kombe likigusa chochote, kata tena. Usiondoke na neno "litakaa sawa njiani".

Mifuko ya plastiki mikononi ni ya dharura tu. Mfuko unateleza kwenye akseleta, na siku utakapohitaji kufunga breki ghafla utakuwa umeshika plastiki.

Simama kila baada ya dakika 30 au 40. Shuka, zungusha mikono kama mtu anayerusha wavu, kunja na kukunjua ngumi. Kisha jipime: gusa kidole kidogo kwa kidole gumba cha mkono uleule. Ukishindwa, safari imekwisha kwa muda huo. Tafuta moto, chai, watu. Usiweke mikono kwenye injini wala ekzosi. Kiganja kilichokufa ganzi hakisikii kinavyoungua.

Kabla ya kuondoka kunywa uji au chai ya moto yenye sukari. Usinywe kachasu, wala lutuku upande wa Kongo. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, unajisikia umepata moto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje.

Abiria: chitenge na mtoto mgongoni

Abiria hapati upepo mwingi kama dereva, lakini amekaa tu, hana anachofanya cha kumpasha. Mpe kizuia upepo cha kifuani kama chako.

Kuna jambo ambalo nimeliona kwa macho na sitaki ulione. Mama mmoja alipanda upande-upande, chitenge kimeachwa kupepea kidogo upande wa kushoto. Hatukuwa tumefika mbali dereva akasikia kitu kinakwaruza, akaachia akseleta. Upindo ulikuwa umeingia kwenye cheni na kuanza kujizungusha kwenye sproketi. Kilichotuokoa ni mwendo wa polepole tu. Tulikikata chitenge kwa kisu. Tangu siku hiyo dereva yule hawashi pikipiki kabla hajageuka na kusema kwa upole, "Bamayo, tukunje chitenge kwanza." Anamwita mama kwa heshima ya Kibemba, na anangoja mpaka kikunjwe. Fanya vivyo hivyo: pande zote mbili za chitenge zibanwe chini ya mapaja, na abiria apande kwa kutanua miguu, suruali au kaptura ikiwa ndani.

Mtoto aliyebebwa mgongoni miguu yake inaning'inia nje ya nguo. Mvishe soksi na kofia, na usimame mara nyingi kuliko unavyoona inahitajika. Mtoto aliyeacha kulia na kulegea kwenye baridi hajalala tu. Simama umwangalie, mpashe kwa kumweka ngozi kwa ngozi ndani ya nguo ya mama.

Wanaokwenda Mwansabombwe kwa sherehe ya Umutomboko mwishoni mwa Julai wakumbuke kwamba ngoma huchezwa mchana juani, na kurudi ni usiku. Sweta iende nawe hata kama asubuhi inakucheka.

Joto: jinsi ya kuvaa kilicholowa

Septemba na Oktoba ziwa linametameta kiasi cha kuumiza macho, vumbi liko juu, na mashamba ya chitemene, yale ya kukata matawi na kuyachoma, yanachomwa. Ukikuta moto umefika kando ya njia, subiri. Moshi unaficha lori linalokuja.

1. Lowesha shati la pamba la mikono mirefu, likamue, livae. Pamba ambayo Juni ilikuwa adui sasa ni rafiki, kwa sababu inashika maji. Juu yake vaa jaketi jepesi, zipu ikiwa wazi kidogo shingoni na mikononi, ili upepo uingie kwa kiasi na kukausha shati polepole. Bila jaketi shati linakauka upesi sana. Likiwa ndani yake, ubaridi unadumu muda mrefu zaidi.
2. Kitambaa kilicholowa shingoni, ncha ndani.
3. Loweshea kisimani au kwenye bomba. Usiinamie ziwani kwenye matete, mamba wapo.
4. Helmeti ibaki kichwani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki waliopata ajali kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Joto lake lina dawa: leso nyembamba ya pamba iliyolowa chini yake, na kufua bitana kila wiki. Helmeti ya abiria inayonuka ndiyo inayokataliwa.
5. Macho. Miwani ya jua mchana, miwani myeupe usiku. Anayepanda kutoka Mbereshi kwenda Kawambwa asubuhi anatazama mashariki, jua limemkalia usoni. Ondoka mapema au subiri lipande.
6. Panga saa. Maliza safari ndefu kabla ya saa nne asubuhi, au uanze baada ya saa kumi jioni. Usiku kabisa sikushauri: baiskeli hazina taa na mbuzi hawana haraka.
7. Kiti. Funika kiti cheusi kwa gunia unapoegesha. Paja la abiria litakushukuru.

Wengine wamefunga ule mwavuli mrefu unaoonekana sana Kenya. Mjini, kwa mwendo wa pole, una kivuli kizuri. Kwenye ufuko ulio wazi unageuka tanga, na upepo wa ubavuni unakuvuta upande usioutaka. Mimi ningeuacha.

Maji ni nusu ya kazi. Usingoje kiu. Kunywa bilauri mbili kabla ya kuwasha, na lita moja kwa kila saa mbili za njiani uifanye kiwango cha kuanzia. Angalia mkojo: ukiwa wa manjano iliyokolea kama chai, umechelewa. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa klorini. Kipindupindu si mgeni kwenye kambi za wavuvi za ziwa hili.

> KISANDUKU: Maji ya chumvi na sukari
> Maji safi lita 1. Sukari vijiko vya chai 6, vilivyosawazishwa. Chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga hadi vyote viyeyuke. Yatumie siku hiyohiyo. Yaliyobaki kesho yamwage. Usizidishe chumvi: ukionja na kukuta ni ya chumvi kuliko machozi, anza upya.

Joto likikuzidi

Dalili za kwanza: kichwa kinauma, kichefuchefu, misuli inakaza, unapita kona bila kukumbuka umeipitaje. Simama kivulini, vua jaketi, lala miguu ikiwa juu, kunywa yale maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Usiendelee na safari kwa sababu tu umejisikia nafuu baada ya dakika kumi.

Hatua mbaya zaidi ni mtu kuanza kusema yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, mwili ukiwa moto sana. Joto la ndani likifika nyuzi 40, ubongo umo hatarini. Usimpandishe kwenye pikipiki kumkimbiza akiwa vile. Mpoze kwanza: mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka vitambaa vilivyolowa kwapani, shingoni na kwenye mapaja, huku mwingine akitafuta gari. Asiye na fahamu kamili asinyweshwe kitu.

> KISANDUKU: Ukitetemeka juani
> Nchelenge na jirani zake ni miongoni mwa maeneo ya Zambia yenye malaria nyingi. Dereva anayesikia baridi mchana wa Oktoba, meno yakigongana na jaketi likiwa limefungwa, hahitaji sweta nyingine. Anahitaji kupimwa. Kipimo cha tone la damu la kidoleni hutoa jibu ndani ya nusu saa katika kliniki. Ukiwa karibu na Kashikishi, hospitali ya St. Paul's iko palepale. Usiendeshe ukiwa na homa; mwombe mwenzako akubebe.

Mvua, kwa ufupi

Kuanzia Novemba hadi Aprili baridi inaweza kukupata siku yoyote, maana shati lililolowa kwa mvua pamoja na mwendo wa pikipiki ni Juni nyingine. Beba suti ya mvua ya vipande viwili. Karatasi la nailoni la kujifunika begani linapepea na kuingia kwenye gurudumu kama chitenge. Fulana kavu moja ikae ndani ya mfuko uliofungwa vizuri.

Ukivuka kwenda Pweto

Zambia tunapita kushoto, Kongo kulia. Madereva wengi wanalijua hilo, abiria hawalifikirii. Pikipiki nyingi zina ekzosi upande wa kulia. Huku kwetu abiria anashukia kushoto, pembeni mwa barabara, mbali na bomba. Pweto pembeni mwa barabara ni kulia, na anayeshuka huko bila kuangalia anaweka shavu la mguu juu ya chuma cha moto. Mwambie ashukie kushoto vilevile, na wewe uchague mahali pasipo na magari pa kusimama. Akiungua, mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno wala mafuta.

Orodha ya kukagua kabla ya kuondoka

Juni:
☐ Fulana kavu, nimebadilisha baada ya kupakia
☐ Kizuia upepo kifuani, changu na cha abiria
☐ Glavu, akseleta inarudi yenyewe
☐ Chitenge na skafu vimebanwa
☐ Nimekunywa kitu cha moto

Oktoba:
☐ Shati limeloweshwa, jaketi jepesi juu
☐ Maji lita 2 kwa kila mtu
☐ Chumvi na sukari kwenye kikaratasi
☐ Helmeti mbili, leso mbili
☐ Ninajua nitapumzikia chini ya mti gani

Ukifika, usiliache jaketi juu ya tangi. Ligeuze ndani nje, lianike kivulini upeponi, glavu zitundike vidole vikiwa juu ili unyevu utoke. Magazeti ya kifuani yatupe kama yamelowa. Saa kumi alfajiri utakapoamshwa kupakia tena, kila kitu kiwe kikavu mahali unapoweza kukipapasa gizani.